Kustaafia Kitale au Bungoma kwa Pasipoti ya Kigeni: Hesabu ya Dola 24,000

Kenya haina viza inayoitwa ya wastaafu. Iliyo karibu nayo ni kibali cha ukaazi cha daraja la K, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 na kanuni zake za mwaka 2012. Mwombaji awe ametimiza miaka 35, aonyeshe kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, na aahidi kwamba hatafanya kazi ya mshahara wala shughuli ya kuingiza pesa humu nchini bila kibali kingine. Masharti makubwa ni hayo. Hata hivyo, wapo wanaokwama wakiwa na pesa benki, kwa sababu pesa hizo hazijaja kwa njia ambayo sheria inaitambua. Wapo pia wanaohangaikia kibali hiki miezi na miezi ilhali hawakukihitaji tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni wako ikiwa uko Uingereza, Marekani, Kanada au Ujerumani, umri umesogea, na macho yako yameelekea Kitale au Bungoma. Huenda ulizaliwa Kimilili ukaondoka kijana, ukachukua uraia wa huko. Huenda wewe ni mgeni uliyeoa au kuolewa Webuye. Huenda pia uliwahi kufundisha Trans Nzoia au kuuguza wagonjwa katika hospitali ya misheni kama Lugulu, na sasa unataka kurudi kwenye ubaridi wa Mlima Elgon. Ni wako pia wewe uliyebaki nyumbani, ambaye dada au shemeji amekupigia simu akisema, "Niulizie huko, wanataka pesa ngapi?"

Kwanza jua mlango wako

Kabla ya kuhesabu dola hata moja, uliza kama unahitaji kuzihesabu. Njia za kuishi Kenya kihalali ni kadhaa, na nyingi kati yake hazina kiwango cha kipato.

Ikiwa ulizaliwa ukiwa Mkenya, tarehe ya kukumbuka ni 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipoanza kutumika. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine baada ya siku hiyo hakupoteza uraia wake wa Kenya. Kifungu cha 16 kinamlinda. Anachotakiwa ni kutangaza uraia pacha kwa serikali ndani ya miezi mitatu tangu kuupata ule wa pili, na kutotangaza ni kosa kisheria. Aliyechukua uraia wa nje kabla ya siku hiyo, wakati sheria ya zamani ilipokuwa ikimnyang'anya wa Kenya, ana haki ya kuurudisha kwa kuomba, kwa mujibu wa Kifungu cha 14(5). Mtu wa namna hii akijaza fomu za daraja la K anajidhulumu. Atalipa ada kila mwaka kuishi kama mgeni katika kijiji alichozaliwa, na shamba la mahindi hataweza kulinunua kwa jina lake.

Watoto wako waliozaliwa ng'ambo nao wana lao. Katiba inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mama au baba yake ni raia wa Kenya, au alikuwa raia. Watafutie vyeti vyao vya kuzaliwa mapema, wala usingoje hadi uwe umelazwa ndipo waanze kuulizana nani ana haki ya kukaa na mzazi.

Mume au mke wa kigeni wa raia wa Kenya ana njia mbili. Ndoa ikiwa imetimiza miaka mitatu, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikiwa imetimiza miaka saba, anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Kabla ya hapo anaweza kukaa kwa pasi ya mtegemezi. Kitakachokaguliwa zaidi hapa ni ndoa yenyewe. Ndoa iliyofungwa kwa mila Sirisia, ng'ombe wakatoka na wazee wakala, ni ndoa mbele ya sheria ya Kenya, lakini bila cheti itakuwa vigumu kuithibitisha kwenye dirisha la uhamiaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila ziandikishwe. Iandikisheni wakati mashahidi wangali hai.

Aliyewahi kufanya kazi Kenya kwa kibali kwa miaka saba au zaidi, na akawa amekaa mfululizo miaka mitatu ya mwisho kabla ya kuomba, naye anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Daktari au mwalimu wa misheni anayetaka kustaafia hapa afanye hivyo kabla ya kuondoka. Akishaenda kwao akakaa, ile miaka mitatu ya mfululizo inakatika.

Mganda au Mtanzania huingia kwa masharti mepesi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kupewa hadi miezi sita. Kwa Mmasaaba wa Mbale mwenye ndugu Chwele, anayevukia Lwakhakha, au Msebei anayepitia Suam, hilo linatosha kwa matembezi. Hata hivyo, kuingia na kutoka kila miezi sita si ukaazi. Mwenye nia ya kukaa moja kwa moja atafute hadhi kupitia ndoa, uzazi au kibali.

Ukiona hakuna mlango hata mmoja hapo juu unaokuhusu, ndipo daraja la K linapokuwa lako.

Dola 24,000 zinahesabiwaje

Gawanya kwa 12 upate dola 2,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, kilichodumu muda mrefu katika mwaka 2025, hiyo ni kama shilingi 258,000 kwa mwezi, au karibu milioni 3.1 kwa mwaka. Usizihesabu kwa shilingi unapoandaa ombi. Kiwango kimewekwa kwa dola, na shilingi ikiyumba utajikuta umepungukiwa bila wewe kupoteza chochote.

Kanuni zinakubali vyanzo vya aina tatu. Cha kwanza ni kipato kinachotoka nje ya Kenya, ambacho unaahidi kukileta nchini. Cha pili ni kipato cha mali iliyoko Kenya, au pensheni na malipo ya maisha yanayolipwa kutoka Kenya. Cha tatu ni faida ya mtaji utakaouingiza na kuuwekeza hapa. Kwa vyote vitatu, kipato kiwe chako mwenyewe, na uwe huru kukitumia upendavyo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalogongana na desturi zetu. Mzee wa Bungoma anaposema "watoto watanitunza" anasema kweli, na jamii nzima inamwelewa. Ofisa wa uhamiaji hawezi kuipokea kauli hiyo kama kipato. Ahadi ya mtoto si mali ya mzazi. Mtoto anaweza kupoteza kazi au kugombana na nduguze, na pesa zikakoma. Vivyo hivyo, pensheni ya mumeo ni kipato cha mumeo. Yeye ataomba kibali na wewe utaingia kama mtegemezi wake, au kila mmoja aonyeshe chake. Usichanganye mbili ukatumaini zitahesabiwa kama moja.

Akiba nayo ina mtihani wake. Tuseme una dola 150,000 benki. Ni pesa nyingi, lakini ukila 24,000 kila mwaka zitakwisha kabla ya mwaka wa saba kuisha. Uhamiaji inatafuta mto, nawe umeileta kwenye bwawa. Kama utajiri wako wote ni wa akiba, ugeuze uwe kipato kabla ya kuomba: nunua malipo ya maisha kutoka kampuni ya bima, weka kwenye hati fungani zinazolipa riba kwa tarehe zinazojulikana, au panga utoaji wa kila mwezi kutoka mfuko wa pensheni ukiwa na barua ya mfuko inayotaja kiasi na muda. Mtaji ni ule ule, ila sasa una karatasi inayosema utalipwa nini mwezi ujao na mwaka ujao.

Pensheni yako inafika?

Hapa penye namba, chukua kalamu.

Marekani: wastani wa malipo ya mstaafu kutoka Social Security ulikadiriwa kuwa dola 1,976 kwa mwezi mwanzoni mwa 2025. Zidisha kwa 12 upate 23,712. Mstaafu wa wastani amepungukiwa na dola 288 kwa mwaka mzima, na kwa pengo hilo dogo hatimizi sharti. Ukitazama taarifa ya benki hali inazidi kuwa mbaya. Ada ya Sehemu ya B ya Medicare, bima ya afya ya wazee, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, hukatwa kabla pesa hazijaingia. Benki itaonyesha dola 1,791, yaani 21,492 kwa mwaka. Ndiyo maana uambatanishe barua ya kila mwaka ya Social Security inayoonyesha kiasi kamili na makato, kisha uzibe pengo kwa chanzo cha pili. Na ujue kwamba Medicare hailipii matibabu Kenya. Kuiacha Sehemu ya B kutakupunguzia makato, ila ukirudi Marekani na kuitaka tena utatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwaka kamili uliokaa bila hiyo.

Uingereza: pensheni mpya ya taifa ikiwa kamili, kwa aliyechangia miaka 35, ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/26. Hiyo ni pauni 11,973 kwa mwaka. Ukikadiria pauni moja kwa dola 1.30, ni takriban dola 15,600, na kiwango cha Kenya bado kiko mbali kwa zaidi ya dola 8,000. Lililo zito zaidi ni kwamba Uingereza haimwongezei pensheni ya taifa mstaafu aliyehamia Kenya. Kiasi unachoanza nacho ukiwa Kitale kitabaki hicho hicho miaka 20 ijayo, huku bei ya unga, dawa na mafuta ikipanda. Pensheni ya NHS, huduma ya afya ya taifa, haigandishwi namna hiyo, kwa hiyo muuguzi wa Kenya aliyefanya kazi Leeds au London kwa miaka mingi yuko katika nafasi nzuri kuliko mwenye pensheni ya taifa peke yake. Omba barua za mifuko yote miwili, kila moja kwa karatasi yake.

Kanada: pensheni ya uzee ya OAS hulipwa nje ya nchi ikiwa uliishi Kanada angalau miaka 20 baada ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2025 ilikuwa karibu dola 730 za Kanada kwa mwezi kwa mwenye umri wa miaka 65 hadi 74. Ile nyongeza ya wenye kipato kidogo, GIS, husimama ukikaa nje zaidi ya miezi sita, kwa hiyo usiihesabu kabisa. Pensheni ya kazi ya CPP hulipwa popote ulipo.

Nyumba za kupangisha: ikiwa una nyumba Minneapolis au Manchester iliyo na mpangaji, kodi yake inahesabika ukionyesha hati ya umiliki, mkataba wa upangaji na taarifa za benki zenye majina yanayolingana. Weka kiasi kinachobaki baada ya mkopo, kodi ya serikali na malipo ya wakala. Ukiandika kodi yote ya mwezi huku benki inaonyesha nusu yake ikirudi kwenye mkopo, umejidanganya kabla hujamdanganya mtu.

Kuna wanaotaka kufikia kiwango kwa ploti za kupangisha hapa hapa Kitale. Inawezekana kwa sheria, lakini piga hesabu. Kwa chumba cha shilingi 12,000 utahitaji vyumba 22, vyote vikiwa na wapangaji, miezi yote 12, bila hata mmoja kuhama usiku. Tena tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya kupangisha kwa wenye ploti wakaazi ni asilimia 7.5 ya pesa zote unazopokea, kabla ya kutoa gharama.

Kuandaa faili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ombi la daraja la K hufanywa mtandaoni, kwenye huduma za wageni ndani ya eCitizen, na linasomwa na mtu asiyekujua. Faili lako limjibu maswali matatu kwa mpangilio: pesa zinatoka wapi, ni kiasi gani, na zitaendelea hadi lini.

Anza na barua ya maombi iliyotiwa saini, yenye jedwali fupi: chanzo, kiasi kwa mwezi, kiasi kwa mwaka, na kiambatisho namba ngapi. Mfano:

Pensheni ya kazi, mfuko wa mwajiri: dola 1,150 kwa mwezi, 13,800 kwa mwaka, kiambatisho 1.
Pensheni ya taifa: dola 780 kwa mwezi, 9,360 kwa mwaka, kiambatisho 2.
Kodi ya nyumba baada ya makato: dola 350 kwa mwezi, 4,200 kwa mwaka, kiambatisho 3.
Jumla: dola 27,360 kwa mwaka.

Ona kwamba jumla imezidi kiwango kwa dola 3,360. Usiombe ukiwa umegusa 24,000 kamili. Mpangaji akihama miezi miwili, au pauni ikishuka, uwe bado juu ya mstari.

Kisha weka taarifa za benki za mwaka mzima, hata kama utaambiwa chache zinatosha. Mkaguzi ataangalia kama zile dola 1,150 zinaingia tarehe ile ile kila mwezi kutoka kwa jina lile lile. Kinachozua maswali ni hiki: akaunti iliyokuwa na dola 900 mwezi Machi, 850 Aprili, kisha 30,000 zinaingia siku nne kabla ya ombi kutoka kwa mtu mwenye jina la ukoo kama lako. Hata kama ni zawadi ya halali, inaonekana kama pesa zilizoazimwa kupita ukaguzi. Kama umeuza gari au nyumba na pesa zimeingia kwa mkupuo, weka mkataba wa mauzo kando yake.

Ongeza nakala ya pasipoti, picha, na cheti cha polisi cha nchi unakoishi. Nyaraka za Kijerumani, Kifaransa au Kiholanzi zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambuliwa. Majina yalingane. Hili linawatesa sana wanawake waliobadilisha jina baada ya ndoa, na wanaume ambao jina la Kibukusu limeandikwa Wafula kwenye pasipoti na Wafulah kwenye pensheni. Kiapo cha jina kilichosainiwa mbele ya wakili kitakuokoa.

Ada za kibali zina sehemu mbili: ya kushughulikia ombi, ambayo hairudishwi hata ukikataliwa, na ya kibali chenyewe, inayohesabiwa kwa kila mwaka. Viwango vimekuwa vikibadilishwa, kwa hiyo soma vilivyo kwenye eCitizen siku unayolipa, na uweke ada hiyo katika bajeti kama gharama ya kudumu. Malipo yote yapitie eCitizen. Anayekuambia utume pesa kwa namba yake ya M-Pesa "ili faili lisogee Nyayo House", kwenye ofisi za Uhamiaji, anakuibia, na ukinaswa naye utahesabiwa mwenzake katika kosa.

Omba ukiwa bado kwenu, ukiwa na kazi au nyumba yako. Jibu huchukua miezi. Idhini ya kusafiri ya kielektroniki, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, ni ya wageni wa muda mfupi. Itakuleta uone mji, ukodi nyumba kwa majaribio na uzungumze na wakili, lakini usihamishe kontena la vyombo kwa kuitegemea.

Pesa za shamba zitenge mbali na pesa za kibali

Hakuna anayefikiria kustaafia Trans Nzoia au Bungoma bila kuwaza shamba. Na hapa ndipo akiba za uzeeni huteketea.

Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa upangaji wa muda usiozidi miaka 99 tu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inaitaka bodi ya ardhi ikatae kuidhinisha ardhi ya kilimo kwenda kwa asiye raia. Maana yake ni kwamba mwenye daraja la K anaweza kupanga au kununua nyumba ya mjini, tuseme Milimani pale Kitale, kwa hati ya upangaji. Ekari tano za mahindi huko Kwanza, au kipande cha kahawa na ndizi Chwele, hazipo mezani kwake. Kibali cha kuishi hakikupi ruhusa ya kumiliki shamba.

Usikubali mbinu ya "tuandike kwa jina la shemeji, mimi na wewe tunajuana". Shemeji akifariki, mirathi itawatambua wajane na watoto wake, na wewe utakuwa mgeni uliyewahi kupita. Ikiwa mwenzi wako ni raia, shamba liandikwe jina lake kwa uwazi, mkiwa na wosia na wakili mmoja anayewajua wote wawili. Ikiwa wewe ndiwe raia uliyerudisha uraia, hakikisha cheti cha kurudishiwa uraia kiko mkononi kabla ya kuweka arbuni.

Kila upande una ugonjwa wake. Kitale ilikuwa mji wa walowezi. Reli ilifika mwaka 1926, na baada ya uhuru mashamba makubwa yalinunuliwa na vikundi vya wanachama. Hadi leo kuna wanaouza wakiwa na kadi ya uanachama na ramani ya mkono, hawana hati miliki. Bungoma ugonjwa ni mirathi: hati bado ina jina la babu aliyezikwa zamani, na wajukuu saba kila mmoja anauza "kipande chake". Fanya utafutaji rasmi katika sajili ya ardhi ya kaunti husika, kisha mwite mpimaji. Kwa ardhi ya kilimo, ombi la idhini lifike kwa bodi ndani ya miezi sita tangu mkataba, vinginevyo mauziano yanakuwa batili. Siku ya bodi, muuzaji aje na mkewe au mumewe. Muuzaji anayekuja peke yake akidai mama watoto yuko safarini, mwambie mtaonana kikao kijacho.

Na usilipie shamba kwa mtaji ule ule unaokuletea kipato cha kibali. Ukivunja hati fungani zako ununue ekari, umenunua ardhi na kuuza haki yako ya kukaa karibu nayo.

Ukishapata kibali

Ndani ya siku 90 jiandikishe upate kadi ya mgeni. Weka tarehe ya mwisho ya kibali mahali unapoiona, na uanze kuhuisha miezi mitatu kabla. Wakati wa kuhuisha utaulizwa tena kuhusu kipato, na safari hii watataka kuona kwamba kile ulichoahidi kuleta Kenya kililetwa kweli. Kwa sababu hiyo fungua akaunti ya benki Kitale au Bungoma mapema, pensheni ipitie humo kila mwezi, na utunze taarifa zake. Kuishi kwa kadi ya benki ya ng'ambo ni rahisi, lakini hakuachi alama unazohitaji.

Heshimu ile ahadi ya kutofanya biashara. Kuku wawili wa mboga nyumbani si tatizo. Kufungua duka la dawa, kuendesha matatu ya Kitale kwenda Eldoret, au kupeleka magunia ya mahindi kwenye ghala la bodi ya nafaka, NCPB, kwa jina lako ni jambo jingine. Kilimo kina kibali chake, daraja la B, na biashara ina lake, daraja la G, linalotaka mtaji wa angalau dola 100,000. Mwenzi wako ambaye ni raia anaweza kulima na kuuza. Malipo yaingie kwenye akaunti yake, si yako.

Afya ndiyo itakayokula pesa kuliko kitu kingine. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya kipato. Ichukue kama ngazi ya chini, kisha tafuta bima ya binafsi kabla umri haujakufungia nje, maana nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga. Kwa matatizo makubwa, wa Kitale na wa Bungoma mara nyingi hupelekwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Jaribu njia hiyo kwa gari siku moja ya mvua kabla hujachagua mtaa wa kuishi.

Kenya ikilinganishwa na kwingine

Ili ujue kama dola 24,000 ni nyingi: Ureno, kwa viza yake ya D7, hufuata mshahara wa chini wa nchi, uliokuwa euro 870 kwa mwezi mwaka 2025. Panama hutaka pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi. Thailand, kwa mwenye miaka 50 na kuendelea, hukubali ama kipato cha baht 65,000 kwa mwezi ama baht 800,000 zilizolala benki. Uingereza ilifunga njia yake ya wastaafu wenye kipato chao mwaka 2008. Kwa hiyo Kenya ni ghali mlangoni kuliko Ureno na Panama, na haikubali akiba iliyolala kama Thailand. Hata hivyo inafungua mlango mapema, kwa miaka 35.

Mpangilio wa kufuata

Miaka miwili kabla ya kuhama, amua mlango wako na uanze kurudisha uraia au kuandikisha ndoa. Mwaka mmoja kabla, geuza akiba iwe kipato na uanze kukusanya taarifa za benki. Miezi sita kabla, omba barua za pensheni, cheti cha polisi na tafsiri, kisha utume ombi. Nyumba ya ng'ambo usiiuze wala kuiachia mpaka kibali kiwe kimelipiwa na kutolewa. Shamba lisubiri angalau msimu mmoja wa mahindi baada ya kufika.

Ukiwa raia wa kuzaliwa, rudisha uraia wako na usilipie kibali usichokihitaji. Ukiwa na mwenzi Mkenya, andikisheni ndoa leo. Ukiwa huna kimojawapo, usiombe kabla barua zako zenyewe hazijaonyesha zaidi ya dola 2,000 kila mwezi, bila mchango wa mtoto na bila pesa za kuazima.